Lakiri na Boksi Lililovimba

Huyu mzee alikuwa akiitwa Lakiri, na asije mtu akadhani ni jina la mapenzi. Alibandikwa na wapakuzi wa ghala la vifaa vya shule, ambako alikuwa mtunza stoo kwa miaka thelathini na mmoja. Lakiri ni ile nta nyekundu inayogandishwa juu ya fundo la mzigo, ili mwizi akiufungua njiani ajulikane. Na bwana huyu ndivyo alivyokuwa. Katoni ikifika imefungwa, hakuifungua ng'o. Alisoma lebo, akaandika kilichoandikwa, akaagiza ipandishwe rafuni. Lebo ikisema madaftari mia mbili, basi ni madaftari mia mbili. Kama ndani mna vipande vya matofali, hayo yalikuwa ya huyo atakayeifungua.

"Kilichofungwa hakina kasoro," alizoea kuwaambia wapakuzi. "Kasoro huingia na mkono."

Wapakuzi walimcheka, lakini wakaguzi walimpenda, maana miaka yote ile stoo yake haikupungua hata kalamu moja. Mimi simlaumu. Kazi ya mtu humwingia mwilini. Kinyozi akikutana nawe njiani hukutazama kichwa, fundi viatu hukutazama miguu, na Lakiri hata kwenye nyumba ya msiba alitazama kama katoni za maji zina gundi ya kiwandani au zimebandikwa upya. Alipostaafu walimpa cheti na mkono wa kwaheri, akarudi nyumbani na tabia zake zote.

Sasa, mtu mkavu namna hii alikuwa na ugonjwa wake mmoja. Utotoni, karibu na shule yao, palikuwa na banda la gemu. Mashine zenyewe zilikuwa kubwa kama kabati la nguo, zina kioo, kijiti cha kuongozea na vitufe viwili, na kila mchezo ulihitaji sarafu. Yeye sarafu hakuwa nayo. Alisimama nyuma ya mabega ya wenzake, shingo nje kama kobe, mpaka mwenye banda alipomfukuza na ufagio. Alizijua mashine zote kwa milio yake. Angeweza kukuambia, akiwa amefumba macho, kwamba hapo mchezaji kafa na hapo kapata uhai wa ziada. Lakini kukishika kile kijiti kwa mkono wake, hata siku moja hakubahatika.

Ndiyo maana viwanda vilipoanza kutoa nakala ndogo za mashine zile, alishikwa. Zilikuwa vidude vya kukaa kiganjani, vimefanana na mashine kubwa kwa kila kitu, mpaka rangi ya ubavuni. Vina kioo kidogo kama stempu, kijiti kama karafuu, na betri ya kuchaji tumboni. Lakiri alinunua kimoja akiwa na miaka hamsini, akakileta nyumbani chini ya kwapa. Mkewe akavuta kiti ili naye auone huo utoto unaosifiwa. Lakiri akafuta vumbi rafuni, akaliweka boksi kama lilivyo, na nailoni yake.

"Hufungui?" mkewe akauliza.

"Nikifungua kitakuwa kitu cha kuchezea."

"Kwani sasa ni kitu gani?"

"Sasa ni kumbukumbu, mama. Kumbukumbu haishikwishikwi."

"Makubwa haya," mkewe akasema, akarudi jikoni. "Mwanamume kaoa, uso wa bibi harusi hajauona."

Akanunua cha pili, cha kumi, cha thelathini. Alikuwa na hoja yake, na aliyekaa naye dakika tano lazima aisikie. Watoto wa yale mabanda, alisema, leo ni watu wazima wenye mishahara. Kesho watakuwa wazee, na mzee hulilia utoto wake kuliko anavyolilia meno. Siku hiyo watatafuta mashine hizi kwa tochi, na zitakazokuwa na thamani ni zile ambazo hazijaguswa. Zikifunguliwa, basi, ni taka za plastiki. Alijiunga na kundi la kwenye simu la watu wenye ugonjwa huohuo. Humo hakuna aliyejulikana kwa jina lake wala kwa anapokaa, ila kwa lakabu tu. Na humo ndimo jina la Lakiri lilipopata heshima ambayo ghalani halikuipata. Mtu akiambiwa boksi limetoka kwa Lakiri, hakuuliza swali la pili.

Mpaka mwaka ninaousimulia alikuwa na maboksi thelathini na manane, kwenye rafu tatu, katika chumba kilichokuwa cha binti yake kabla hajaolewa. Pazia halikufunguliwa, jua lisije likafifisha rangi. Kila Jumatatu aliingia na kitambaa kikavu na tochi, akakagua boksi moja moja, gundi, kona na nailoni. Ilikuwa ibada yake, na mkewe alijua kutomwita wakati huo hata kama chai inapoa.

Kisha binti yake akarudi. Si kwa ugomvi, la. Mumewe alihamishwa kikazi kwenda mbali, nyumba ya huko haijapatikana, naye ana mtoto wa miezi miwili. Akaja na mabegi mawili na kitanda cha mtoto cha kukunja. Chumba kilikuwa kilekile kimoja. Lakiri alikubali kwa shingo upande kwamba maboksi yabaki rafuni na kitanda cha mtoto kikae chini yake, pembeni mwa ukuta. Alimpa binti yake masharti: pazia lisifunguliwe, birika la maji ya moto lisiingie, na mtu asiguse rafu.

"Baba, mtoto mwenyewe hata shingo haijakaza," binti akacheka. "Atagusa rafu kwa kitu gani, kwa kope?"

Jumatatu ya pili, mjukuu akiwa amelala chali na ngumi zake juu, Lakiri aliingia kimyakimya na kitambaa chake. Rafu ya juu ilikuwa sawa. Ya kati ilikuwa sawa. Kwenye rafu ya chini, juu kabisa ya kichwa cha mtoto, boksi moja lilikuwa limebadilika umbo. Uso wake, uliopaswa kuwa bapa, ulikuwa umetuna kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Nailoni ilikuwa imevutika mpaka inang'aa. Alidhani ni unyevu. Akaliwekea kidole gumba, akabonyeza kidogo. Ndani kitu kikalia, *tik*, kama kidole kinapovunjwa.

Alirudisha mkono haraka. Akainama, akanusa. Palikuwa na harufu tamu, hafifu sana, kama rangi ya kucha. Mtoto akajinyoosha, akaendelea kulala, na Lakiri akaogopa bila kujua bado anaogopa nini.

Alikwenda kuuliza kundini, kwa njia ya mzunguko, kana kwamba anamuulizia rafiki. Jibu lilikuja kwa picha. Mtu mmoja alituma ukuta mweusi, rafu iliyojikunja kwa moto, na chini yake mabaki ya plastiki yaliyoganda kama uji. Aliandika: "Betri. Nilikuwa kazini, nashukuru hapakuwa na mtu." Hapo ungedhani watu watampa pole. Wachache walimpa. Wengi waliulizana ni matoleo gani yaliyoungua, ili wajue yaliyobaki yatapanda bei kiasi gani. Na mmoja, msimamizi wa kundi, anayejiita Dalali, akaandika: "Afadhali liungue limefungwa kuliko lipone limefunguliwa." Watu wakamwekea vicheko. Mwezi uliopita Lakiri naye angecheka.

Kesho yake alikwenda kwa fundi simu wa barabara ya pili, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi, na meza iliyojaa skrubu kwenye vifuniko vya chupa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Fundi, betri ya kidude kidogo, haijachajiwa kabisa miaka kumi na mitatu, inaweza kuvimba?"

Fundi alifungua droo, akatoa kopo lenye mchanga, na kwa koleo la plastiki akaibua betri ya simu iliyotuna kama kimto cha pini. "Ndiyo hii. Ndani yake ni gesi. Ukiibonyeza sana au ukiitoboa, inawaka, na moto wake haukungoji ukatafute ndoo. Hicho kidude chako kimevimba?"

"Kuna rafiki yangu."

"Mwambie rafiki yako akifungue leo. Atoe betri taratibu, aiweke kwenye mchanga, nje ya nyumba, kisha aniletee niipeleke wanakozikusanya."

"Na vingine, ambavyo havijavimba?"

"Vingi?"

"Vingi kidogo."

"Vipo vitakavyokufa kimya, vipo vitakavyovimba. Kipi ni kipi, mimi sijui, wewe hujui, na aliyetengeneza hajui."

"Hakuna njia ya kujua bila kufungua?"

Fundi alimtazama juu ya miwani, akaanza kucheka, kisha akaacha alipoona mzee hatanii. "Mzee wangu, mimi ni fundi, si mpiga ramli. Fungua."

Neno lenyewe ni jepesi, hata mtoto analijua. Lakiri alirudi nalo nyumbani likiwa zito kama gunia. Angekuwa mtu mwingine, angefika na kusema: mke wangu, binti yangu, tumelala na moto, leteni mkasi. Lakini wahenga hawakukosea waliposema mficha uchi hazai, na huyu alikuwa amejificha nyuma ya nailoni miaka kumi na mitatu. Kufungua lile moja kulimaanisha kukiri kwamba yote ni ya kufunguliwa. Na kufungua yote kulimaanisha kwamba hana kitu rafuni, na kwamba ile hoja yake ya kesho ya wazee ilikuwa hewa. Hilo hakuliweza. Basi akalichukua lile lililovimba kama anayebeba yai, akalitia kwenye ndoo na kuliweka kwenye kibanda cha uani. Akajiambia amemaliza.

Hakuwa amemaliza. Alhamisi alikuta mawili mengine yametuna.

Kuanzia hapo mzee akawa mlinzi mchana kutwa. Aliweka kiti mlangoni mwa chumba akajifanya anasoma gazeti, na gazeti lenyewe la wiki iliyopita. Kila baada ya muda alinyanyua pua. Mkewe akikaanga kitunguu, anaruka. Jirani akichoma majani, anaruka. Alimwambia binti yake kitanda cha mtoto kinafaa zaidi sebuleni, kuna upepo. Binti akakikunja kitanda, macho yamejaa maji.

"Baba, sema tu. Tunakuharibia maboksi yako."

"Si hivyo, mwanangu."

"Ni vipi basi?"

Akarudi kwenye kiti chake na gazeti lake. Binti alihamia sebuleni akiamini baba yake amechagua plastiki akaacha damu yake. Lakiri alimwacha aamini hivyo, maana ukweli ulikuwa mbaya zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako, na yeye ndiye aliyeivaa hiyo nguo na kuwavisha wenzake.

Usiku wa Ijumaa haujaingia alipopata wokovu wake, au alichokidhania wokovu. Dalali, yuleyule, alimwandikia kwamba anayataka maboksi yote kwa mkupuo, kwa sharti moja, yawe hayajafunguliwa hata moja. Lakiri alijibu ndiyo kabla hajamaliza kusoma. Maboksi yatoke, hilo tu. Yaende popote. Hakujiuliza yanakwenda kwenye nyumba ya nani, au aliuliza kwa sauti ndogo asiisikie.

Jumamosi asubuhi aliyapanga yote, na lile la kibandani, kwenye katoni tatu. Yale yaliyovimba alikuwa ameyatia alama ya nukta kwa kalamu ya risasi chini ya boksi, tabia ya stoo haimwachi. Kisha akayaweka katikati, yamezungukwa na mazima. Alijua alichokuwa akifanya, maana wauzaji wajanja walimfanyia hivyohivyo miaka thelathini na mmoja. Aliona aibu, lakini alipanga.

Dalali alifika karibu na saa sita, jua kali. Alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, nadhifu, anaongea kwa upole. Kwenye kiti cha nyuma cha gari alikaa mama yake, kikongwe aliyetoka kutolewa mtoto wa jicho hospitali, jicho moja limefunikwa kwa pamba na plasta na jingine halioni vizuri. Lakiri akainama dirishani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo hapa? Huyu kijana wangu ananizungusha na jua lote hili, eti ananunua midoli."

Dalali alivaa glavu, akayatoa maboksi moja moja chini ya kivuli cha ukuta, akitazama gundi kwa kioo cha kukuzia. Boksi la kwanza lenye nukta likafika mkononi mwa Dalali. Akalizungusha. Akapitisha kidole juu ya ule mtuno, polepole. Akamtazama Lakiri, Lakiri akamtazama yeye.

"Gundi safi," Dalali akasema, akaliweka upande wa yaliyokubaliwa.

Wangeachia hapo, mambo yangekwisha. Lakini Lakiri alisikia sauti ikitoka, na ilikuwa yake. "Limevimba."

"Sikuuliza, mzee."

"Ni betri. Fundi kaniambia inaweza kuwaka. Lazima lifunguliwe."

Dalali akacheka kidogo, cheko la mtu anayemwelewesha mtoto. "Mimi sifungui. Nina mteja wangu, naye hafungui. Atakayenunua kwake hafungui. Sasa ubaya uko wapi?"

"Na wa mwisho?"

"Hakuna wa mwisho, mzee. Ndiyo maana ni biashara nzuri."

Maneno hayo yalikuwa ya Lakiri mwenyewe, ya miaka kumi na mitatu, yamevaa shati safi tu. Wakasaidiana kubeba. Katoni mbili zikaingia buti. Ya tatu haikuenea, basi Dalali akayatoa maboksi yake, akayapanga kiti cha nyuma, ubavuni mwa mama yake, hata moja likaishia mapajani mwa mama huyo. "Nishikie hili, mama, lisianguke." Madirisha yakapandishwa ili vumbi lisiingie kwenye jicho lililotoka kutibiwa.

Kutoka nje Lakiri alimwona yule mama akilipapasa boksi asiloliona. Kidole gumba chake kikaukuta mtuno, kikaubonyeza, ukaingia, ukatoka. Akaubonyeza tena, kama watu wazee wanavyochezea kitufe cha nguo wakiwa na mawazo.

"Kina joto, mwanangu," akasema. "Hiki kidude kina joto."

Lakiri hakumbuki alivyofika. Aliufungua mlango, akalishika boksi. Mama akashtuka, akalikumbatia, anadhani ni mwizi. Dalali akapiga kelele, "Tumeshamalizana, mzee!" Lakiri akavuta. Nailoni ikapasuka mikononi mwake, ya kwanza kupasuka mikononi mwake tangu azaliwe, na papo hapo boksi likaanza kusema *shhhh*, na ile harufu tamu ikajaa gari lote. Alikimbia nalo hatua kumi hadi kwenye lundo la mchanga wa jirani anayejenga, akalirusha. Moshi mweupe ukatoka kwanza. Halafu ukaruka mwali wa urefu wa mkono, na ile mashine ndogo yenye kijiti kama karafuu ikayeyuka mbele ya macho yao, ikipasuka vipandevipande.

Mkewe na binti yake walitoka mbio. Binti alikuwa na mtoto begani. Alitazama moto, akatazama maboksi, akamtazama baba yake, na Lakiri akaona usoni mwake kwamba ameelewa yote, na kitanda cha sebuleni pia.

"Rudi ndani na mtoto," akamwambia. "Mwanangu, rudi ndani."

Dalali naye alikuwa ameuona moto. Alikuwa ametoka jasho. Alifunga mlango wa mama yake taratibu, akajifuta uso, akasema, "Basi, hilo moja tutalitoa kwenye hesabu." Akaanza kuelekea kwenye usukani.

Hapo ndipo hofu ya Lakiri ilipokamilika. Ameona kwa macho yake, mama yake yumo ndani, na bado anayachukua! Ukimwambia moto hasikii. Ukimwambia mama yako hasikii. Lakiri alimjua mtu huyu kama anavyojua kiganja chake, na alijua kuna kitu kimoja tu duniani kinachoweza kumfanya ayaache yale maboksi. Akatoa mfukoni kisu kidogo cha kukatia kamba za katoni, akafungua buti, akapasua nailoni ya boksi la kwanza, akalitupa chini.

"Unafanya nini!"

"Nafungua."

Akapasua la pili. La tatu. Dalali alilia kama anayechomwa yeye. Alimshika mkono, mzee akaupokonya. Kila boksi alilolipasua lingeweza kumlipukia usoni, na kila lililofunguka lilikuwa ni miaka yake inayokwenda. Alikuwa akilia waziwazi, kamasi na machozi, na bado anapasua. Mkewe alifungua mlango wa nyuma, akamshika yule mama mkono, akasema, "Samahani, mama, sogea kidogo," na kwa kucha zake akaanza kuchana yaliyokuwa kitini, akiyatupa mchangani moja baada ya jingine. Hakuwahi kuyapenda hata siku moja.

Kilichotokea baadaye kilikuwa cha kufumba na kufumbua. Dalali alipoona hasara inazidi, alimpita mke wa Lakiri, akanyakua boksi moja ambalo halijafunguliwa, akalitupia ndani ya gari, akabamiza mlango. Gari likaondoka na buti likiwa wazi, linapigapiga, kichwa cha yule mama kikiyumba nyuma ya kioo.

Mtunza stoo akahesabu. Hakuweza kujizuia. Moja limeungua. Thelathini na sita yamefunguliwa. Aliyageuza moja moja, akitafuta nukta zake za kalamu ya risasi. Moja lilikuwa mchangani, betri yake imetuna lakini imetulia. Akatafuta nukta ya mwisho. Akageuza yote tena tangu mwanzo, na mkewe akimsaidia, na nukta haikuwepo.

"Limekwenda," akasema. "Kachukua lile."

Akapiga simu. Iliita mpaka ikakata. Akaandika: "Ulilochukua limevimba. Mtoe mama garini. Fungua madirisha. Weka mchangani." Ujumbe ulisomwa, haukujibiwa. Alitaka kwenda kumfuata, lakini amfuate wapi? Hakulijua jina lake, wala mtaa, wala namba ya gari, maana kwenye lile kundi mtu hakuuliza.

Baada ya robo saa simu ilitoa mlio. Mbio akaishika. Ilikuwa picha kundini. Boksi lilikuwa limepigwa picha ndani ya gari, kando ya barabara fulani, limekaa juu ya magoti ya mtu mwenye gauni la maua mekundu, na mikono miwili ya kikongwe imelishika kwa adabu pande zote. Dalali alikuwa ameandika: "Halijaguswa tangu kiwandani. Limetoka stoo ya mzee Lakiri mwenyewe."

Chini yake mtu mmoja aliuliza mbona linaonekana limetuna. Mwingine akamjibu kabla Dalali hajajibu: "Kama limetoka kwa Lakiri, halina kasoro. Nalichukua."

Lakiri alianza kuandika. Alifuta, akaandika tena kwa herufi kubwa, LINA MOTO, na alipoituma simu ikamwambia kwamba yeye si mmoja wa kundi hilo tena. Akabaki na ile picha tu, mikono ya yule mama na ule uvimbe katikati yake, kidole gumba kikiwa juu.

"Piga tena," mkewe akamwambia.

Akapiga tena. Simu ikaita.